Balozi wa Zambia Kutoka Nyahururu

Harrison Gathogo hajawahi kufika Zambia. Hata kwenye ndoto hajafika, maana ndoto zake zote hushukia Nyahururu na hazina nauli ya kupitiliza. Lakini mwaka ule Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye noti zake, ungeingia ukumbi wa hoteli moja ya Al Garhoud, Dubai, ukauliza Zambia iko wapi, ungeoneshwa yeye: mwanamume wa makamo, mfupi, tumbo ndiyo kwanza linaanza maisha, kavaa shati la kitenge linalombana kwapani, anatabasamu kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Na kweli alikuwa ameahidiwa.

Kazi yake ya siku zote hotelini pale ilikuwa kubeba mizigo ya watu wanaokwenda makwao. Anaitoa kwenye lifti, anaipakia kwenye basi la uwanja wa ndege, anaitwa rafiki yangu na watu ambao hawajui jina lake, kisha anabaki kwenye lami akitazama basi linavyopinda kona. Ndege zilipaa juu ya kichwa chake mchana kutwa, chini kiasi kwamba unasoma maandishi ya tumboni. Mtu ambaye hajaona kwao miaka mitano, kumpa kazi karibu na uwanja wa ndege ni kama kumfunga mbuzi kamba fupi mbele ya kibanda cha sukuma wiki.

Si kwamba likizo haikuwepo. Ilikuwepo kwenye mkataba, tena imeandikwa kwa herufi za kupendeza. Ila kila alipokwenda ofisi ya wafanyakazi kuiomba, madam wa pale alifungua kompyuta, akasikitika kwa sauti laini ya mtu aliyelipiwa mafunzo ya kusikitika, akamwambia asubiri mpaka baada ya Idi. Baada ya Idi ikawa baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi ikawa mpaka warudi waliotangulia, na waliotangulia, kwa akili zao timamu, hawakurudi. Pasipoti yake ilikaa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti cha madam huyo, kwa usalama. Harrison alikuwa akisema pasipoti yake inaishi vizuri kuliko yeye: haina joto, haina kunguni, na haiamshwi.

Kwao Nyahururu ni juu kwenye baridi, pale mto unapofika ukingoni na kujiachia chini kwa kishindo. Wazungu waliyapa maporomoko yale jina la Mzungu mwenzao na wenyeji hawakubisha, wana shughuli nyingine. Mkewe, Monicah, ana kibanda pale pale juu ya maporomoko, anauza vinyago vya mawe ya Kisii: viboko wadogo, tembo wadogo, na sahani za kuwekea sabuni ambazo watalii huzinunua wakidhani ni za matambiko. Monicah huvaa kofia nyekundu ya sufu, aonekane kwa mbali. Harrison akimpigia simu, nyuma ya sauti yake maji hunguruma kama redio isiyoshika stesheni, na kuna siku alimaliza vocha yote akisikiliza redio hiyo.

Sasa huyo aliyeahidi. Mzee Thuwein alikuwa na ofisi ya wakala wa safari kule Deira, chumba kimoja juu ya duka la mazulia. Alizaliwa Unguja, akatoka kwa kushikwa mkono na mama yake akiwa mtoto, hakurudi tena. Lakini Kiswahili chake alikitunza kama kanzu ya sikukuu, kimepigwa pasi, kinanukia udi. Alikuwa amepata tenda ya kuitangaza Zambia kwenye maonyesho madogo ya utalii ya hoteli ile. Vipeperushi vikafika. Mashati yakafika. Picha ya maporomoko ya Zambia yenye upana wa ukuta ikafika, na kispika chake cha kutoa sauti ya maji. Wazambia wenyewe wawili ndio hawakufika. Viza zao, waliambiwa, zinashughulikiwa.

"Weye Harisoni, hebu njoo, mwanangu," mzee akamwita, Harrison akisukuma toroli la masanduku. "Weye Mwafrika?"

"Mzee, si unaniona."

"Nakuona. Wa wapi?"

"Kenya."

"Basi kuanzia kesho, Zambia. Shati lako hilo."

"Ai, mzee! Zambia mimi sijui hata wanasalimiana aje."

"Na hao watakaokuja kuuliza wanajua? Wao wakishamwona mtu mweusi kavaa kitenge, roho zao zishatua. Kazi yako kusoma kipeperushi na kucheka." Kisha akapunguza sauti, maana sasa anakuja kwenye nyama. "N'kwambie. Likipatikana kundi la kusafiri, litataka mwenyeji wa kulisindikiza mpaka Livingstone, kwenye maporomoko yao. Huyo mwenyeji ndiye weye. Na ndege ninayoitumia hulala Nairobi. Usiku mzima, inshallah."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu. Kurudi inapitiliza. Usiwe na choyo."

Meneja wa hoteli alikubali, kwa sababu kundi lingelala hotelini kwake kabla ya safari. Madam wa ofisi ya wafanyakazi naye alikubali: safari ni ya kikazi, pasipoti itatoka kabatini kikazi. Harrison alitoka ofisini mle miguu haigusi zulia.

Usiku mmoja Nairobi! Binti yao Shiro yuko bweni, huyo hatamwona. Lakini Monicah angeshuka na gari la asubuhi, wakutane, wapelekwe hoteli ambayo kwa mara ya kwanza maishani mwa Harrison mzigo wake ungebebwa na mtu mwingine. Akampigia pale pale, toroli mkononi.

"Baba Shiro, usinichezee," Monicah akasema. "Mwaka jana uliniambia hivyo hivyo, nikasuka."

"Suka tena."

"Na ukikosa kuja?"

"Si utakuwa umependeza hata hivyo?"

Monicah hakucheka. "Nitasuka. Lakini nywele zikifumuka hujafika, mimi nitavaa kofia mpaka nizeeke."

Mwalimu wake wa Zambia alikuwa Chacha, Mkurya wa Tarime, mlinzi wa duka moja kubwa, ambaye walikaa naye chumba kimoja upande wa Al Twar. Chacha alikuwa utingo wa malori ya Tunduma zamani, kwa hiyo alijitangaza mtaalamu.

"Zambia nimekanyaga, mura. Nimekula nshima, ugali wao."

"Ulifika wapi?"

"Nakonde."

Nakonde ni ng'ambo tu ya geti la mpaka. Chacha alivuka, akala, akarudi kabla lori halijawashwa. Lakini kwa Dubai huyo ni mvumbuzi. Alishika kipeperushi kama mtahini wa taifa, kajilaza kitanda cha juu, miguu inaning'inia.

"Lugha!"

"Rasmi ni Kiingereza," Harrison akajibu kutoka kitanda cha chini. "Za wenyeji zapita sabini. Zenye hadhi ya redioni na shuleni saba: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kilunda, Kiluvale na... manze, hii ya mwisho hunitoka."

"Kikaonde! Unataka Wakaonde wote wakuchukie?"

"Wakaonde wa Dubai ni wangapi?"

"Akitokea mmoja umekwisha. Uchumi!"

"Shaba. Wanachimba Kitwe, Chingola, huko kwenye Ukanda wa Shaba. Bei ya shaba ikishuka duniani, hata muuza nyanya wa Lusaka anajua. Pesa yao kwacha, maana yake kumekucha. Na mwaka huu wamefuta sifuri tatu, kwa hivyo jamaa amelala milionea ameamka na elfu moja."

"Hiyo ya milionea ipo kwenye karatasi?"

"Hiyo nimeongeza."

"Itoe. Bahari?"

"Hawana. Majirani wanane, pwani hakuna."

"Ndiyo maana shaba yao inapita kwetu Dar. Bila Mtanzania wangeila kwa mchuzi. Sema hivyo pia. Utalii!"

"Luangwa, watu wanatembea kwa miguu katikati ya simba, kwa hiari yao, na wanalipia. Kasanka kuna popo wengi mpaka anga linakuwa jeusi. Mfalme wa Walozi anahama mafuriko kwa ngoma, na mashua kubwa yenye tembo juu ya paa. Halafu maporomoko, Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma."

"Nusu ya maporomoko si ya Zimbabwe?"

"Mzee Thuwein amesema nikiulizwa hiyo nikohoe."

Basi maonyesho yakafunguliwa. Zambia iliwekwa kati ya nchi moja ya visiwa, iliyogawa tende zilizochovywa nazi, na nchi nyingine yenye wasichana wa kucheza ngoma. Zambia ilikuwa na Harrison. Asubuhi ile alitembelewa na mama aliyetaka kujua choo kilipo, na bwana mmoja aliyeuliza kama Zambia ndiyo ile iliyo karibu na Gambia. Mwingine alichukua kalamu tatu, akaulizia kama kuna za bluu.

Mchana akaja Bwana Kurian, Mhindi wa Kerala, mhandisi wa mabomba aliyestaafu karibuni baada ya kuishi Dubai tangu ujana. Alikuwa kiongozi wa kundi la wazee na wake zao wanaotembea jioni kwenye bustani ya Al Twar kwa amri ya madaktari, na kundi hilo lilikuwa likitafuta pa kwenda mwezi wa Julai. Thuwein alimnusa toka mlangoni. Akamkanyaga Harrison mguu: ndiye huyo.

Harrison akaanza. Lugha sabini. Shaba. Majirani wanane. Hata Kikaonde alikikumbuka. Bwana Kurian alisikiliza kwa adabu, macho yanamlegea, akapiga miayo, akafunika mdomo kwa kipeperushi cha Zambia chenyewe. Alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye tende.

Ndipo Thuwein, kwa kukata tamaa, alipofungulia kispika mpaka mwisho.

Maji yalijaa ukumbini. Mngurumo ule wa redio isiyoshika stesheni. Harrison alisimama na neno lililobaki mdomoni, akalimeza, na alipofungua mdomo tena alikuwa mtu mwingine.

"Sir," akasema, "sauti hiyo huisikii kwa masikio. Unaisikia kwa nyayo. Asubuhi hujaamka, kitanda kinakuambia mvua ilinyesha juu milimani, maana leo mto una hasira. Unatoka, baridi inakushika masikio. Nyasi zina umande, viatu vinalowa. Kuna ngazi za kuteremka mpaka chini, ukianza kuziteremka unajiona kijana, zikifika katikati magoti yanatetemeka yenyewe, unacheka. Chini huko maji yanakurushia ukungu usoni, si mvua, si jasho, na huongei, sababu hakuna wa kukusikia. Mtu akikupenda, hapo anakushika mkono tu."

Bwana Kurian alikuwa ameweka kipeperushi chini.

"Ukipanda tena, pumzi hakuna, kuna wazee wamejipaka chokaa na manyoya, wameshika vinyonga, upige nao picha. Wacha hao. Nenda kwenye vibanda. Kuna mama wa kofia nyekundu, anauza viboko wa mawe ya Kisii. Ukinunua kwake atakupunja kidogo, lakini atakupa chai. Sir, nunua kwake. Usinunue kwa mwingine."

"Anaitwa nani?" Bwana Kurian akauliza, polepole.

"Monicah."

Kule nyuma Mzee Thuwein alikohoa. Alikohoa tena, kikohozi kile kile alichomfundisha Harrison akitumie kwa Zimbabwe. Mawe ya Kisii, Zambia! Lakini Bwana Kurian alikuwa ameshatoa miwani na kuifuta, akisema kwao Kerala mwezi wa sita mvua hupiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara, na tangu aje huku amekuwa akiwapelekea watu maji kwenye mabomba bila kuyasikia yakianguka. Akaandika majina ya kundi zima hapo hapo. Livingstone, mwezi wa Julai, kupitia Nairobi.

"Wallahi sikujua kama unayo hiyo," Thuwein akamwambia baada ya mteja kuondoka. "Ila Monicah ndiye nani?"

"Mke wangu."

"Umeniuzia mke wako kwenye banda la Zambia!" Mzee akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akaacha kucheka, akaizima ile sauti ya maji, akaitazama picha ukutani, kama na yeye kuna mahali aliondoka haraka. "Sisi nyumba yetu Unguja ilikuwa na karafuu uani," akasema. "Au labda nimeambiwa tu. Yalla, funga meza."

Monicah alisuka. Alituma picha, kichwa kimeinama ili mistari ionekane, uso hauonekani. Harrison akairudisha: tuma na uso. Akajibiwa: uso utauona Nairobi.

Kosa la mhandisi mstaafu ni kwamba ana muda. Bwana Kurian alikwenda nyumbani akaanza kutafuta kwenye mtandao zile ngazi, apime kama magoti ya wenzake yatazimudu. Livingstone alikuta mambo mengi makubwa: maji mapana ajabu, upinde wa mvua, watu wanaruka darajani wamefungwa kamba miguuni kwa kukosa kazi. Wazee wa vinyonga hakuwakuta. Mama wa kofia nyekundu hakumkuta. Akazidi kuchimba. Wiki moja baadaye akaingia ofisi ya Deira na karatasi mbili zilizochapwa, na Harrison akaitwa kutoka kazini.

"Hii Zambia," Bwana Kurian akasema, akaweka picha ya kwanza mezani. "Nzuri sana. Na hii sijui." Akaweka ya pili.

Ilikuwa Nyahururu. Ile kona ya ngazi yenye ukuta uliopasuka, ambapo Harrison na Monicah walikaa siku ya kuambiana kwamba wanapendana, yeye kavaa suruali ya kuazima. Mtu aliyepiga picha hakujua alichokuwa anapiga.

"Nakuuliza wewe, simwulizi bwana Thuwein, yeye ni mfanyabiashara. Ile sehemu uliyonieleza, ya kushikana mkono, iko Zambia?"

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa tayari. *Yes, sir*, na mambo yamekwisha: kundi lilikuwa limeshapenda, Livingstone ingewapokea vizuri, wangefurahi kuliko hata walivyotarajia, na yeye angekuwa na usiku wake. Thuwein alimtazama kwa macho ya kusihi. Harrison akafungua mdomo aseme. Lakini picha ile pale. Angeweza kudanganya kuhusu Zambia mpaka jua lichwe, hakuwa na ubaya nayo. Kuikana ile kona ya ngazi mbele yake mwenyewe, ulimi ulikataa kata kata.

"Hapana, sir. Hapo ni kwetu. Kenya."

"Basi ndipo tunapotaka kwenda," akasema Bwana Kurian, kwa furaha, kama mtu aliyempa mwenzake zawadi.

Na mwanzoni hata Harrison alidhani ni zawadi. Nyahururu yenyewe! Si usiku mmoja, ni safari nzima! Alikimbia mpaka ofisi ya wafanyakazi. Madam akafungua kompyuta.

"Zambia ni kazi," akaeleza kwa subira. "Kenya ni kwenu. Kwenda kwenu ni likizo. Na likizo zimefungwa mpaka baada ya Idi."

"Lakini madam, kazi ni ile ile. Watu ni wale wale."

"Zambia ungekuwa unawasindikiza wageni. Kenya utakuwa unajisindikiza mwenyewe."

Mzee Thuwein alikwenda kumwombea, akavaa na joho lake la heshima, akarudi kichwa chini. Kampuni ya kule Nairobi iliyopewa kundi ina waongozaji wake, haihitaji msindikizaji. Na meneja hawezi kumtoa mtu kwa safari isiyomhitaji. Khalas. "Ungesema yes tu, mwanangu," mzee alinong'ona. "Neno dogo lile."

"Najua."

"Mimi ningelisema."

"Najua, mzee."

Kumpigia Monicah alichelewesha mpaka akaishiwa visingizio. Alipomwambia, Monicah akajibu juu ya ngurumo ya maji: "Kwa hivyo umewatuma watu wote isipokuwa wewe."

"Watanunua viboko wengi."

"Harrison, mimi nilikuwa sitaki kuuza viboko."

Julai ikafika na joto lake la kukaanga mayai, na kundi la Bwana Kurian lililala hotelini usiku wa kabla ya safari, kama lilivyoahidi. Harrison akateremsha mizigo yao kwenye lifti. Yote ilikuwa mizito, wamebeba masweta. Akaipakia kwenye basi, mfuko mmoja mmoja, akiupanga kwa uangalifu ambao hakuna mzigo mwingine uliowahi kuupata. Wakamwita kwa jina lake. Basi likapinda kona.

Waliporudi, Bwana Kurian alikuja mwenyewe kumtafuta, bado mafua yamemkaba, mwenye furaha kama mtoto. Wakasimama mlangoni ambapo ubaridi wa ndani unapigana na joto la nje. Alitaka kusimulia, na Harrison akamwacha asimulie, yeye Harrison wa Nyahururu anaelezwa Nyahururu na mtu wa Kerala: ngazi, ukungu, magoti. Alimsahihisha mahali pamoja tu, kuhusu rangi ya mto baada ya mvua.

"Na sauti?"

"Kwa nyayo, kama ulivyosema. Mke wangu alilia. Sijui kwa nini, na sikumwuliza."

"Na huyo mama?"

"Alitupunja," Bwana Kurian akasema kwa heshima kubwa. "Akatupa chai. Nikamwuliza kama ana kitu cha kukuletea. Akafikiri sana, akasema hana. Akasema ukitaka kitu cha kule, ukifuate."

Akampa simu yake aone picha. Harrison akajifuta vidole kwenye suruali ya sare kwanza. Monicah alikuwa amesimama katikati ya wazee wa Kikerala waliovimba kwa masweta, anacheka, pengo lake la mbele liko palepale, kofia nyekundu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alipanua picha kwa vidole viwili. Akatazama mikono. Akatazama uso, kwa muda, kuna kitu pembeni mwa macho ambacho hakuwahi kukiona kwenye simu. Kisha akatazama koti. Lilikuwa koti la kijani, lenye mifuko mikubwa, limepauka mabegani kwa jua na mvua. Hakulijua.

Basi la marubani lilifunga breki nje, mtu akapiga makofi akamwita. Alirudisha simu, akabeba mizigo mpaka ya mwisho, kisha akaenda nyuma kwenye mapipa ya taka ambako mtandao unashika, akapiga.

"Wamenunua mpaka sahani za sabuni," Monicah alisema kabla ya salamu. "Yule mzee ananiita madam."

"Hilo koti umenunua lini?"

"Koti gani?"

"La kijani. La kwenye picha."

Ni kama alijitazama alichovaa.

"Hili? Baba Shiro, hili limezeeka. Nilikuwa nataka kulitupa."

"Usilitupe," Harrison akasema. "Ngoja kwanza nije nilione."